Darsa ya Ramadhani: Watoto Wetu Wenye Usonji na Nafasi Yao Msikitini

Maandishi ya darsa iliyotolewa na imamu wetu baada ya swala ya Alasiri, mwezi 12 Ramadhani, katika ukumbi wa jumuiya yetu hapa Uingereza.

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba kila kiumbe akamkadiria umbo lake na riziki yake, wala hakumuumba yeyote kwa mchezo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Wazee wetu, ndugu zetu, mama zetu na dada zetu mlio nyuma ya pazia, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa sababu ambazo leo tutazitaja, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika ratiba iliyobandikwa mlangoni, darsa ya leo iliandikwa kuwa ni ya hukumu za zaka. Tumeiahirisha hadi Alhamisi. Leo tunalo deni la kulipa kwanza, na deni hilo ni letu sisi tuliokaa juu ya kiti hiki, kabla halijawa lenu.

Mwaka juzi, usiku wa mwezi 21, tulikuwa tumesimama katika kunuti ya witri. Wengi wenu mlikuwapo. Katika safu za wanawake alikuwapo mtoto wa kiume wa miaka 9 pamoja na mama yake. Mtoto yule alikuwa akitoa mvumo, sauti moja isiyopanda wala kushuka, na kila baada ya muda akiinuka kwenda ukutani kuwasha taa na kuizima. Aliwasha na kuzima mara nyingi. Watu wakaguna. Tulipotoa salamu tukachukua kipaza sauti, tukasema kwamba msikiti si uwanja wa michezo na kwamba mzazi asiyeweza kumtia adabu mwanawe ni bora aswali nyumbani kwake. Hatukutaja jina. Lakini ni nani hakujua? Vichwa vyote viligeuka kulielekea pazia. Mama yule alichukua viatu vyake mkononi, akamshika mwanawe, akatoka. Tangu usiku ule hakurudi tena humu, si kwa tarawehe, si kwa Idi, si kwa darsa, si kwa hitima ya jirani yake.

Familia ile imeturuhusu kulieleza jambo hili bila ya majina, nasi tunawashukuru. Tungeweza kulinyamazia. Ila tulilisema hadharani, na kosa la hadharani haliombewi msamaha chumbani.

Baba yake ni dereva wa basi, hufanya kazi za usiku. Ndiye aliyetujia miezi kadhaa baadaye, akasema kwa adabu kabisa: "Sheikh, mimi nitaendelea kuja Ijumaa. Lakini nakuomba uje nyumbani kwetu siku moja, ukae saa moja tu." Tukaenda. Tulipoingia, yule mtoto hakututazama usoni wala hakuitikia salamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye viatu vyetu mlangoni, akavipanga pamoja na vya watu wa nyumbani, kutoka kidogo hadi kikubwa, visigino vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Kisha akakaa pembeni akaanza kusoma Qur'ani. Alisoma Suratu Yasin kwa sauti na mtindo wa msomaji mmoja mashuhuri, akipumzika pale pale anapopumzika yule msomaji, na alipofika mahali fulani akakohoa. Tukadhani ana kifua. Mama yake akasema: "Hapana, Sheikh. Kwenye rikodi anayoisikiliza, msomaji anakohoa hapo. Naye hukohoa hapo kila siku." Mtoto huyo huyo ukimuuliza jina lake, huenda asikujibu.

Na ule mvumo? Mama yake alitueleza kwamba huutoa pale sauti za nje zinapomzidi. Usiku ule vipaza sauti vyetu vilikuwa juu, feni lilikuwa likilia, taa moja ya mrija ilikuwa ikimetameta kama mnavyoikumbuka (kamati ilichukua miezi minane kuibadilisha), na watu walikuwa wakisema amina kwa pamoja. Alikuwa akijijengea ukuta wa sauti yake mwenyewe ili asiumie. Taa alikuwa akiizima kwa sababu ilikuwa ikimuumiza macho. Sisi tuliona utovu wa adabu.

Kisha mama yake akasema neno ambalo mpaka leo linatukosesha usingizi: "Sheikh, mimi nilikuja kuomba. Mwaka mzima silali. Nilitaka usiku mmoja tu nisimame nyuma ya imamu kama wanawake wenzangu."

Ndugu zetu, hali hii ya mtoto yule kwa Kiswahili inaitwa usonji. Tunalitaja jina lake kwa sababu katika jumuiya zetu lina majina mengine mengi, na yote ni mabaya. Wako wanaosema mtoto kachezewa. Wako wanaosema ana jicho la watu, au ana shetani, au mama yake alikanyaga pasipostahili alipokuwa mja mzito. Wako wanaomwita taahira, au zuzu, mbele ya wazazi wake. Na hapa Ulaya tumeongeza letu jipya: kwamba mama kamzoesha televisheni na simu.

Usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu mwanzo wa makuzi yake. Mtu mwenye usonji hutofautiana na wengi katika mawasiliano na maingiliano na watu, katika kupenda utaratibu usiobadilika na kurudiarudia mambo, na katika namna hisia zake zinavyopokea sauti, mwanga, harufu, ladha na mguso. Wapo wasiosema kabisa maisha yao yote. Wapo wanaosema sana, na wamesoma vyuo vikuu, nao hawajui kwa nini watu huwachukia baada ya mazungumzo ya dakika tano. Baadhi yao wana ulemavu wa akili pamoja na usonji, na wengi hawana. Baadhi wana kifafa. Kwa hiyo ukimjua mmoja, usidhani umewajua wote. Hapa Uingereza hukadiriwa kwamba angalau mtu 1 kati ya 100 yuko katika hali hii. Hesabuni wenyewe waliomo ndani ya ukumbi huu na jamaa zenu wa karibu, mtaona kwamba hatuzungumzii watu wa mbali.

Historia yake ya kitabibu si ndefu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika habari za watoto wengine huko Vienna. Baadaye ikapita miaka ya giza ambapo baadhi ya wataalamu waliwalaumu akina mama, wakadai kwamba mtoto huwa hivi kwa kukosa mapenzi ya mama. Mtu kama Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza dai hilo kwa kitabu kilichotoka 1967. Ilikuwa dhuluma tupu, na wanawake wangapi waliibeba! Hapa London, daktari Lorna Wing, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na binti mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa wazazi waliounda chama chao mwaka 1962. Yeye na mwenzake Judith Gould walichunguza watoto wa mtaa wa Camberwell, na mwaka 1979 wakaonyesha kwamba hali hii ina wigo mpana, si aina moja tu ya mtoto. Leo inajulikana kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa katika usonji. Malezi mabaya hayauleti. Televisheni haiuleti. Basi shangazi anayempigia simu mke wa mpwa wake kutoka Mombasa au Unguja kumwuliza alifanya nini, na aogope kuulizwa yeye Siku ya Kiama.

Sasa tuje kwenye majini, maana tunajua mnalingoja. Hatukanushi kuwapo kwa majini, ni katika imani yetu. Wala hatukanushi ruqya, kwani imethibiti katika Sunna. Mzazi kumsomea mwanawe kabla ya kulala, akaweka mkono kichwani pake ikiwa mtoto hachukii kuguswa, hilo ni jambo jema na lina baraka. Lakini sisi tumeletewa watoto kuwasomea kwa zaidi ya miaka 20, na tunakiri kwamba kuna nyakati tuliwaambia wazazi wavute subira, waendelee na kisomo, wakati mtoto alihitaji mtaalamu wa lugha. Mtoto wa miaka 3 ana miaka michache tu ambayo msaada humfaa zaidi, na kila mwezi tuliowachelewesha ni mwezi ambao hatuwezi kuwarudishia. Tangu sasa tumeamua: akiletwa mtoto asiyesema, tutamwombea dua, na papo hapo tutawauliza wazazi, mmekwenda kwa daktari?

Ama wale wanaowafunga watoto kamba, wanaowapiga ili jini litoke, wanaowafukiza moshi mpaka wakazimia, hao wanafanya haramu iliyo wazi. Na wako wafanyabiashara wanaouza matone yenye klorini dayoksaidi, nayo ni kemikali ya kung'arishia, wakiwaambia wazazi inaponya usonji. Inaunguza utumbo wa mtoto. Tahadharini nao hata wakifuga ndevu hadi kitovuni.

Jambo la chanjo pia lazima tuliseme. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield hapa Uingereza alichapisha katika jarida la Lancet makala juu ya watoto 12 tu, iliyowafanya watu waamini kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Mwaka 2010 jarida lile liliifuta makala hiyo, na mwaka huo huo yeye akafutwa katika daftari la madaktari. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya laki 6, wakatoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Lakini maneno husafiri haraka kuliko masahihisho. Ndugu zetu Wasomali wa Minnesota, Marekani, waliogopeshwa wakaacha kuchanja, na mwaka 2017 surua ikaingia kwao, watu zaidi ya 70 katika jimbo lile wakaugua, wengi wao wakiwa wa jamaa hiyo. Anayehofia jelatini ya nguruwe, ajue kwamba hapa nchini ipo chanjo isiyokuwa nayo, na mzazi ana haki ya kuiomba kwa muuguzi.

Turudi kwenye dini yetu, maana wako waliotuambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Mmoja wa sahaba aliyeitwa Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) naye yuko katika mazungumzo na wakubwa wa Makuraishi, akitaraji wasilimu. Kipofu yule aliuliza swali lake papo hapo, hakuona kwamba kuna mkutano. Mtume akakunja uso. Kipofu hakuuona uso ule uliokunjwa, lakini Mwenyezi Mungu aliuona, na ikashuka Suratu Abasa kumlaumu Mtume Wake. Sura hiyo itasomwa mpaka Kiama. Baadaye Mtume alimfanya kipofu yule kuwa mmoja wa waadhini wake, na alimwachia usimamizi wa Madina alipotoka safari zaidi ya mara moja. Wengi wetu huishia kwenye kumhurumia tu.

Na katika Sahihi ya Imamu Muslim, Anas bin Malik anasimulia habari za mwanamke mmoja wa Madina ambaye akili yake ilikuwa na kasoro. Alimwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ya mji ili asimame naye, na akasimama naye pembeni hadi alipomaliza haja yake yote. Hebu litazameni jambo hili vizuri. Kiongozi wa dola, mwenye shughuli za umma mzima, alimwachia yeye mwanamke achague mahali. Hakumwambia aje msikitini baada ya Alasiri. Tulipokuwa wanafunzi Madina tuliisoma hadithi hii kwa upande wa isnadi yake na kwa upande wa hukumu ya mwanamume kuzungumza na mwanamke barabarani. Tulifaulu mtihani. Hatukujiuliza hata siku moja mwanamke yule angepokelewa vipi katika msikiti wa mtaani kwetu.

Na mnajua nyote kwamba Mtume alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua uzito ulio moyoni mwa mama yake. Alibadilisha swala yake. Sisi tulimbadilisha mama.

Yako masuala ya fiqhi ambayo wazazi hutuuliza kwa siri, nasi tutayajibu kwa ufupi. Kalamu imeondolewa kwa asiye na akili timamu, kama ilivyoondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe. Basi kijana mwenye usonji ambaye akili yake haifikii kuelewa maana ya ibada na wajibu, huyo si mukallafu. Hana dhambi ya kuacha swala wala saumu, hana kadha, hana fidia. Mzazi asijitese. Lakini usonji peke yake si wazimu. Wengi wenye usonji wana akili timamu, pengine kuliko sisi, na hao ni mukallafu kama mtu mwingine yeyote. Tusiwanyang'anye dini yao kwa kuwahurumia. Zaka ya fitri hutolewa na mlezi kwa ajili ya mtoto, na katika madhehebu yetu ya Shafii hata mali ya asiye mukallafu hutolewa zaka na mlezi wake ikifikia nisabu. Mwenye dawa za kifafa asizisogeze saa kwa kufuata daku na futari bila ya kumwuliza daktari, kwani kukatika kwa dawa hizo kunaweza kuua.

Mwezi huu, ambao kwetu ni furaha, kwao mara nyingi ni mtikisiko. Saa za kula zimegeuka. Saa za kulala zimegeuka. Nyumba inanuka sambusa na vitunguu tangu Alasiri, wageni wanaingia bila ya taarifa, na baba aliyekuwa nyumbani usiku yuko tarawehe. Mama mmoja alitueleza kwamba wiki mbili kabla ya mwezi kuandama yeye hutundika ukutani picha za mambo ya siku nzima kwa mpangilio, jua kuzama, tende, swala, chakula, kitanda, na mwanawe huenda kuzitazama mwenyewe kila saa. Mwingine anaye binti anayefunga vizuri kabisa, lakini akifuturu hali chochote ila mkate mweupe na ndizi. Jamaa humcheka mezani. Muacheni ale mkate wake! Wapo ambao maji ya udhu yakiwa baridi huwaumiza kama sindano, basi wapashieni moto. Wapo ambao kitambulisho cha kitambaa kilichoshonwa shingoni mwa kanzu huwakosesha swala nzima, na dawa yake ni mkasi. Mtoto akivaa vidude vya kuziba masikio ndani ya safu, swala yake haina tatizo lolote.

Pia tuwakumbuke watu wazima. Yuko bwana mmoja ambaye kwa miaka mingi tulimwona mwenye kiburi, kwa kuwa hutoa salamu tu akaondoka, hapeani mikono, hakai kwenye chai. Alipimwa akiwa na umri wa miaka 44. Na wako mabinti ambao hujifunza kuiga wenzao, kucheka wanapocheka, kutazama wanapotazama, wakachoka mno ndani, na kwa hiyo hawatambuliwi mapema kama wavulana.

Kuhusu haki zenu katika nchi hii, tuseme machache, kwa sababu tumeona watu wetu wakizikosa kwa woga na kwa aibu. England ina sheria yake mahsusi ya usonji tangu 2009. Mtoto anayehitaji msaada mkubwa wa masomo anaweza kuandikiwa na halmashauri mpango wa elimu, afya na matunzo, unaoweza kuendelea hadi akiwa na miaka 25. Mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba tathmini, hahitaji kungoja shule, wala sheria haimtaki awe na cheti cha usonji kwanza. Halmashauri inatakiwa ijibu ndani ya wiki 6 kama itamtathmini au la, na kazi yote imalizike ndani ya wiki 20. Wakikataa, mna haki ya kukata rufaa, na wazazi wengi wanaokata rufaa hushinda. Foleni ya kupimwa usonji ni ndefu, wengi hungoja zaidi ya mwaka, kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyeitikia jina lake na asiyeonyesha kitu kwa kidole, mpelekeni sasa. Msimngoje kwa sababu mjomba wake naye alichelewa kusema. Iko pia posho ya ulemavu ya watoto walio chini ya miaka 16, ambayo haitazami kipato cha wazazi. Mwenye viza inayomkataza fedha za umma asiiombe posho hiyo kabla ya kumwuliza mwanasheria, lakini mpango wa elimu haumo katika fedha hizo, ni haki ya mtoto.

Na lugha. Wazazi kadhaa wameambiwa waache kumsemesha mtoto Kiswahili, wabaki na Kiingereza peke yake, ati lugha mbili zitamchanganya. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili haukuonyesha kwamba zinawadhuru. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha dukani, akinyamaza Kiswahili, atamsemesha mwanawe kwa nini? Na bibi aliyeko Tanga akipiga simu, mjukuu atamwitikia kwa lugha gani? Wasemesheni kwa lugha mnayoweza kubembelezea. Tumieni maneno machache, yaliyo wazi, na muwape muda wa kujibu. Msiwaambie "subiri kidogo" wakati mna maana ya saa nzima, wao hupima maneno kwa uzito wake halisi. Kwa kweli ingekuwa vyema sote tungefanya hivyo, hasa katika mikutano ya kamati.

Kamati yetu ilikutana Jumapili. Hatutaficha kwamba hakukuwa na kauli moja. Wako waliosema fedha ni chache na paa linavuja, na ni kweli paa linavuja. Baada ya majadiliano yaliyotuchukua mpaka karibu na futari, yamekubaliwa mambo matatu. Kwanza, kila Jumatano kuanzia wiki hii kutakuwa na tarawehe tulivu ya rakaa 8 saa ya kwanza, bila ya kipaza sauti. Ukumbi huu haufiki watu 200, na sauti ya imamu, alhamdulillahi, bado ipo. Pili, chumba cha juu ambacho sasa kimejaa masufuria, viti vibovu na zulia la zamani kitasafishwa kiwe chumba cha utulivu, chenye dirisha linalotazama ukumbini, ili mama aweze kuifuata jamaa akiwa na mwanawe. Tatu, vijana sita wamejitolea kukaa zamu na watoto ili wazazi waswali. Watafundishwa kwanza na mwalimu anayefanya kazi hiyo, kisha watapitishiwa ukaguzi wa polisi kama sheria inavyotaka. Hili la ukaguzi halina mjadala, hata kwa mtoto wa mwenyekiti.

Kazi ya kukisafisha chumba ni Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri. Njooni na glavu. Baba wa yule mtoto amesema ataleta gari la kubebea vitu, akitoka zamu yake ya usiku.

Sisi tulikwenda kwao tena wiki iliyopita. Tulimwomba msamaha mama yule mbele ya mumewe, na leo tunamwomba mbele yenu, kwa kuwa tulimvunjia heshima mbele yenu. Alitukaribisha chai baada ya Magharibi. Kuhusu kurudi msikitini hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ataona kwanza chumba kikoje, na kwamba taa zisiwe za mrija.

Taa zimekwisha kununuliwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape afya na nguvu wazazi hawa, na awatulizie nyoyo juu ya lile wanaloliogopa kila usiku, nani atabaki na watoto wao wakishafariki, na atujaalie sisi kuwa sehemu ya jibu Lake. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.